Mchango Umepokea, Kiti Kiko Wapi? Hizi Harusi za Rooftop Zinatuvunjia Undugu

Leo nina donge kooni, na nisipolitoa hapa nitakuja kulitoa kwenye harusi ya mtu.

Wengi wenu mmeiona ile video. Ile ya dada yetu mmoja wa mjini, simtaji jina, anayemjua anamjua na asiyemjua ataambiwa na jirani yake. Bibi harusi kasimama juu kabisa ya ghorofa, shela linapepea, nyuma yake taa za jiji zinawaka kama nyota zimeshuka chini. Droni inamzunguka. Mkajaza mioyo na vimoto. Kuna mmoja aliandika "Mungu nikumbuke na mimi", na mwingine akamtumia mchumba wake akimwambia tukikosa hii mimi siolewi.

Sasa mimi nilikuwepo. Siyo mgeni mwalikwa, usinifikirie makubwa. Siku ambazo blogu hailipi, na huwa hailipi, mimi nabeba viti. Kuna mama mmoja wa mapambo huwa ananipigia Ijumaa usiku, "mwanangu kesho upo?", nami nipo. Nimebeba viti Sinza, Tabata, Mbezi Beach, Kinondoni, kumbi zote hizo nazijua milango ya nyuma kuliko ya mbele. Kwa hiyo ninachoandika hapa sikusimuliwa. Nilikuwa napandisha viti.

Na ninachosema ni kimoja tu, nakiweka hapa juu ili usije ukasema sikueleweka: kama unataka harusi ya rooftop, fanya, ni nzuri, lakini usiilipie kwa michango ya ukoo mzima halafu ukoo ukauacha chini kwenye maegesho ya magari. Hiyo siyo fasheni. Huko ni kuwaibia ndugu zako huku unawapungia mkono.

TUANZE NA HESABU

Jengo lilikuwa na ghorofa nane. Lifti moja, inaingia watu sita wakibanana. Msimamizi wa jengo akatuambia mapema, lifti ni ya wageni, nyie vijana wa kazi piteni ngazi. Viti 120, meza za duara 15, jukwaa, spika, jenereta dogo la akiba, maua, vitambaa, na katoni za maji. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, hiyo wala haihitaji mzani. Pandisha katoni hizo ghorofa nane halafu uje unisimulie kuhusu mapenzi.

Kwa hiyo viti ni 120. Nimevibeba, nimevihesabu, nimevivalisha nguo kimoja kimoja. Paa lile halibebi kiti cha 121 labda ukiweke juu ya simtanki.

Upande wa pili kulikuwa na kundi la WhatsApp la michango. Mwenyewe sikuwemo, ila dada mmoja wa kwenye kamati alikuwa anahakiki orodha pale mlangoni, na kwa kulalamika kwake nikajua kwamba waliochanga walikuwa zaidi ya 200. Na huo mchango mnaujua ulivyo. Singo elfu 70, dabo laki. Wa kijijini wanaambiwa "chochote Mungu alichokujalia". Ukichelewa unakumbushwa. Ukichelewa tena jina lako linabandikwa kwenye kundi na alama ya kuuliza mbele yake. Kuna vikao, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na mwisho kuna kikao cha kuvunja kamati ambacho nacho kina bajeti ya soda na nyama choma.

Haya. Watu zaidi ya 200 wametoa, viti ni 120. Na ndani ya hizo 120 toa meza ya marafiki wa bibi harusi wa Instagram, ambao wengine walipewa kadi bure ili waposti. Toa meza ya wadhamini. Toa meza ya mastaa wawili watatu, na mastaa wenyewe walikaa dakika 40, wakapiga picha, wakaondoka. Kilichobaki ndiyo wakagawana ndugu.

Hesabu ya darasa la tatu hii. Mimi niliishia kidato cha nne na hata mimi naiona.

SHANGAZI NA MKEKA

Saa kumi na moja jioni nimeshuka kuchukua maua ya mwisho, nikamkuta mama mtu mzima amesimama pale chini mlangoni. Kavaa gauni la kitenge jipya kabisa, bado lina mikunjo ya dukani. Kwapani kabana mkeka uliokunjwa na kufungwa kwa utepe mwekundu. Wasichana wawili wa mlangoni wanapekua orodha, wanatikisa vichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu nisomee hapa mwanangu, hawa mabinti wanasema simo."

Akanipa kitochi chake. Ujumbe uko pale. Elfu 50 imekwenda kwa mweka hazina, na chini yake jibu: asante kwa mchango wako, Mungu akubariki, karibu sana kwenye furaha yetu. Tarehe ya miezi miwili nyuma.

Yule mama ni shangazi wa bibi harusi. Dada wa baba yake mzazi. Katoka upande wa Tanga asubuhi kwa basi, kashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, kapanda daladala mbili na bodaboda moja mpaka pale. Kwetu sisi shangazi siyo mtu wa kutafutwa kwenye orodha. Shangazi ndiye anayemfunda binti, ndiye anayejua siri za nyumba, ndiye anayeitwa ndoa ikianza kutikisika. Orodha ndiyo inatakiwa imtafute yeye.

Wasichana wakamwambia kwa adabu kabisa, siwalaumu, walikuwa wanafanya kazi yao: "Mama, wewe upo kwenye wageni wa chini."

Wageni wa chini! Mara ya kwanza na mimi kulisikia neno hilo. Pale maegesho palikuwa na viti vya plastiki kama 30, na mbele yake skrini, ili "wafuatilie moja kwa moja". Yaani umetoka Tanga kuja kuangalia harusi ya mtoto wa kaka yako kwenye televisheni. Si ungebaki kwenu tu, ukaitazama kwenye simu ya jirani?

Shangazi hakugomba. Ndiyo kinachoniuma. Akakaa kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani, akaniita: "Baba, wewe si unapanda? Nipelekee huu mkeka kwa mwanangu. Mwambie nimeusuka mwenyewe, tangu aliponiambia kapata mchumba."

Mkeka wa miyaa, wadau. Zambarau, kijani na nyekundu, ukili mwembamba kama umepimwa kwa rula. Anayejua kazi ya mkeka anajua hiyo ni miezi, siyo wiki.

Nikapanda nao ghorofa nane. Juu nikakutana na mratibu wa harusi, yule mwenye kinasa sauti sikioni. Akaukodolea macho. "Hiyo haimo kwenye rangi. Iweke kule nyuma ya tenki."

Rangi za harusi zilikuwa kijani mpauko na dhahabu. Mkeka wa shangazi ulikuwa na rangi za furaha, kwa hiyo ukaenda nyuma ya tenki la maji. Na tenki lenyewe tulikuwa tumeshalivalisha kitambaa cheupe na taa ndogondogo, likapendeza. Tenki lilipata nguo ya harusi, mkeka ukakosa pa kukaa.

"NI PESA YAO, WEWE INAKUUMA NINI?"

Najua hii ndiyo komenti ya kwanza, kwa hiyo nakujibu kabla hujaandika.

Siyo pesa yao. Ingekuwa pesa yao nisingeandika hata mstari. Kama wewe na mwenzio mmefanya kazi, mmejinyima, mkaamua kuoana juu ya ghorofa mkiwa watu kumi, mimi nitakuja kukubebea viti bure. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili. Haisemi kokote kwamba lazima uwalishe watu 300 pilau. Ndoa ndogo ni ndoa kamili, na hakuna shangazi mwenye haki ya kununa kwa harusi ambayo hakuichangia na aliambiwa mapema kwamba ni ndogo.

Tatizo ni pale unapotaka vyote viwili. Unataka harusi ndogo ya kizungu kwenye picha, na mchango mkubwa wa kibantu kwenye akaunti. Chagua moja.

Mama yangu ana daftari. Kaunta buku la jalada gumu, limeanza kuchanika. Ndani yake kuna majina ya watu waliochangia harusi ya kaka yangu, nani alitoa ngapi, nani alileta mchele, nani alikuja kupika siku mbili mfululizo. Kila kadi ikija nyumbani, mama anafungua daftari kwanza kabla hajafungua pochi. "Huyu alitoa elfu 30 kwa kaka yako, sisi tutoe 40." Mchango ni hivyo. Ni akiba iliyowekwa kwa watu badala ya benki. Leo kwako, kesho kwangu. Na riba yake ni kiti. Kiti, sahani, na nafasi ya kusimama ukaserebuka mbele ya maharusi ukawakabidhi zawadi kwa mkono wako, watu wakaona kwamba na wewe ni mtu kwenye ukoo huu.

Ukichukua elfu 50 ya shangazi ukamnyima kiti, hujapunguza bajeti. Umechana ukurasa kwenye daftari.

"MICHANGO NI MAMBO YA KIZAMANI"

Hii nayo naijua. Na nakubali! Kabisa. Kuna watu wanakopa ili wachangie harusi za watu wasiowajua, kuna vijana wanakimbia makundi ya WhatsApp kama wanakimbia polisi. Kama unaona ni mambo ya kizamani basi usichukue. Ni rahisi hivyo. Huwezi kuita kitu kizamani huku namba yako ya kupokelea iko kwenye kadi.

"Una wivu wewe, huna hata mchumba." Kweli, sina. Tuendelee.

KWA NINI PAA NA SIYO UKUMBI

Kuna mdau atauliza, mbona hata kwenye kumbi za kawaida watu hukosa viti? Ni kweli. Ila ukumbi na uwanja vina huruma, paa halina.

Harusi ya uani kwetu Mabibo, wakija watu 50 zaidi, unafanyaje? Unaongeza turubai, unaazima mabenchi msikitini au kanisani, jirani anafungua geti lake, mama mmoja anaongeza maji kwenye mchuzi. Maisha yanaendelea. Hata ukumbi wa kukodi una korido, una bustani, una veranda. Paa halina uani. Pembeni mwa paa kuna hewa tu, na chini ya hewa kuna barabara.

Kwa hiyo paa lina hesabu ambayo haibembelezeki, na siyo ya viti tu. Chukua watu 150 wa kilo 70 kila mmoja, hizo ni tani kumi na nusu. Ongeza meza, viti, spika, jenereta, vyombo, jukwaa. Na lile tenki, kama ni la lita 5,000 na limejaa, ni tani 5 za maji peke yake. Halafu MC anasema "wote tusimame, turuke!" na watu 150 wanaruka kwa mdundo mmoja. Mzigo unaoruka siyo sawa na mzigo uliokaa. Nani kati ya kamati aliuliza kama lile paa lilijengwa kwa ajili ya watu au kwa ajili ya matenki na madishi?

Usiniambie naleta mikosi. Mei 24, 2001, kule Jerusalem, sakafu ya ukumbi wa harusi uliokuwa ghorofani, uitwao Versailles, ilifunguka watu wakiwa katikati ya kucheza. Walikufa watu 23 na mamia wakaumia. Video ipo mpaka leo, ilipigwa na mpiga video wa harusi ileile. Maharusi walipona. Fikiria kupona hivyo.

Na sisi hapa Dar hatuna sababu ya kujifanya wageni wa habari hizi. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lilikuwa linajengwa pale mjini kati likaanguka, watu 36 wakafa. Novemba 2024 Kariakoo tukalia tena, jengo likawafunika watu wakiwa kwenye biashara zao. Hayo hayakuwa majengo ya harusi, najua. Ninachosema ni kwamba jiji hili limeshatufundisha kuuliza jengo limejengwaje, lakini tukishaona taa za mapambo tunasahau kuuliza.

NA MVUA, JE?

Harusi ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Novemba, wadau! Vuli iko pale inakuangalia. Lakini watu wa mjini wanapanga tarehe kwa kuangalia ukumbi, mwezi wa mshahara na Kwaresma inaisha lini, mbingu hawaziangalii. Ukikwepa vuli ya Oktoba mpaka Desemba unaangukia masika ya Machi mpaka Mei, na wengi wanaosubiri Pasaka ipite ndipo wafunge ndoa huwa wanaingia katikati ya masika kwa miguu yote miwili. Juni mpaka Agosti mvua hamna sana, ila kuna upepo wa kusi, na upepo juu ya ghorofa ya nane siyo ule wa barazani kwenu. Nimeona tao la maua likiruka kama kishada. Mama wa mapambo huwa anafungia stendi zake kwa ndoo za mchanga, na hizo ndoo nani anazipandisha? Haya.

Na kitu cha kuchekesha kuliko vyote ni jua. Watu wanalipa bei ya rooftop ili wapate jua la kuzama. Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika 50, kutegemea mwezi, halijawahi kumsubiri mtu. Na wewe niambie, ni bibi harusi gani wa Kibongo aliyewahi kuingia ukumbini kabla ya saa moja? Dada yetu aliingia saa mbili kasoro robo. Jua lilishakwenda kulala, kamati bado inatafuta gari lililombeba mpambe. Ile picha ya machweo mliyoipenda ilipigwa Alhamisi, kwenye jengo lingine.

Saa tatu na nusu manyunyu yakaja. Hayakuwa mvua, manyunyu ya dakika kumi. Lakini watu 120 wakaukimbilia mlango mmoja. Mlango mmoja, ngazi moja nyembamba, viatu virefu, magauni marefu, bibi mmoja ana fimbo, mtoto analia. Lifti ikakwama kidogo kwa sababu kila mtu aliibonyeza. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila nilisimama pale na sinia la glasi nikawaza, kama hii ingekuwa moto badala ya manyunyu, tungepiga 114 tuwaambie zimamoto nini? Kwamba wote tuko juu na mlango ni huu?

Na wageni wa chini? Skrini ilizimwa ili isilowe. Wakaletewa pilau kwenye maboksi. Shangazi alilila lake nusu, nusu akalifunga kwenye mfuko kwa ajili ya safari.

WAPO WANAOJUA KUFANYA

Nisionekane nachukia kila kitu. Mwaka huohuo nilibeba viti kwenye harusi nyingine ya juu ya paa, Ilala huko, jengo la ghorofa nne tu. Maharusi wote wawili ni walimu. Viti 45. Hawakuchangisha hata shilingi. Miezi minne kabla walipita kwa wazee wa pande zote mbili wakawaambia kwa midomo yao: tunafanya kidogo, kwa pesa yetu, tunaomba baraka zenu na siyo mifuko yenu. Wazee walinuna wiki moja, wakapoa. Waliopanda juu ni wazazi, shangazi, wajomba, ndugu wa tumbo moja na marafiki wachache. Waliopanda mwanzo kabisa kwa lifti ni mabibi, wakakalishwa mbele. Wakaanza saa tisa na nusu alasiri, wakala, wakacheza, jua likazama wakiwa wanaliangalia kweli, saa moja na nusu mziki umezimwa, hakuna jirani aliyegonga.

Turubai la akiba lilikuwa ghorofa ya tatu kwenye ukumbi mtupu, meza zimeshapangwa. Mvua haikunyesha. Ila ingenyesha kila mtu alikuwa na kiti cha pili.

Ile harusi haikusambaa mtandaoni. Sikuona hata droni, ambayo kwanza huwezi kurusha tu unavyotaka, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kamati nyingi hazijui. Lakini mpaka leo ukiniuliza harusi nzuri niliyowahi kubebea viti, ni ile.

KABLA HUJALIPIA

Kwa hiyo wewe unayepanga yako, na najua mpo, mmenijaa huko ndani mkiulizia bei, anza hivi. Kwanza pata namba ya watu wanaoweza kukaa juu, na namba hiyo iseme mtu anayejua jengo, siyo dalali wa ukumbi. Uliza paa lina njia ngapi za kushukia. Uliza lifti inabeba wangapi na umeme ukikatika inakuwaje. Uliza mvua ikija mnakwenda wapi, na "haitanyesha" siyo jibu. Uliza kuhusu mziki mwisho saa ngapi, maana sauti ya juu ya paa inafika mitaa mitatu, na NEMC siyo mara moja wamepita wakifungia baa kwa kelele.

Ukishapata namba, andika majina. Wazee kwanza. Mashangazi kwanza. Kisha ndiyo uangalie nafasi ya watu wa kuposti.

Na mchango uombe kwa walioko kwenye majina hayo tu. Jina likiisha, mchango uishe. Akitokea mtu wa nje ya orodha akakutumia pesa, mpigie, mwambie asante sana ila nafasi hakuna, nikurudishie au ubaki kama zawadi? Mwache aamue mwenyewe akiwa anajua. Ni simu ya dakika mbili. Wengi watasema baki nayo, na watakuheshimu mpaka kufa.

NAMALIZA HIVI

Jumapili asubuhi tulirudi kufungua mapambo. Nyuma ya tenki mkeka ulikuwa palepale, umelowa upande mmoja, utepe umechuja rangi. Nikashuka nao. Shangazi alishaondoka na basi la alfajiri. Mdogo wa bwana harusi alikuja kuchukua zawadi zilizobaki, nikampa, akauangalia, akasema, "Huo kaeni nao tu."

Dada yangu, nakujua unapita hapa, huwa naona. Sijakutaja na sitakutaja. Harusi yako ilikuwa nzuri na sikuombei mabaya, naomba udumu. Lakini mkeka wako uko stoo kwa mama wa mapambo. Niliutandaza juani siku mbili, umekauka, rangi imebaki karibu yote. Tumeuweka juu ya viti ili panya wasiufikie.

Njoo uuchukue. Na kabla hujaja, mpigie shangazi yako simu. Usimtumie ujumbe, mpigie. Elfu 50 yake iko kwenye ile video yenye mioyo elfu kadhaa, na yeye mwenyewe hayumo.

Wadau, uwanja ni wenu. Mliowahi kuwa wageni wa chini semeni hapa, na mlio kwenye kamati jiteteeni. Matusi nafuta, hoja naziacha.